Doa la Kijani Ndani ya Redio

Wiki iliyopita mliniacha katikati ya ngazi za kiwanda, ufunguo wa chumba cha juu umelowa jasho kiganjani, na Ivy Cutler amesimama chini ananiuliza swali moja tu: "Doreen, huko juu mnafanya nini?"

Leo nawaambia nilivyomjibu. Nilimdanganya.

"Tunahesabu skrubu," nikasema.

"Wiki ya saba mnahesabu skrubu?"

"Ni nyingi."

Ivy akacheka. Huyo akicheka, mabega yanatangulia, mdomo unafuata. Tumejuana tangu tukiwa na miaka kumi na minne. Siku ya harusi yangu ndiye aliyenishikia maua, na mume wangu aliponikimbia ndiye aliyekuja na chupa ya mvinyo wa sheri akasema, "Lia mpaka saa mbili, halafu tucheze karata." Mtu wa namna hiyo ndiye niliyemwambia nahesabu skrubu.

Aliyechelewa kufika nampa kiti, akae, nimweleze haraka.

Mimi ni Doreen Pratley, wa Bedford. Mume wangu Stan alikwenda Yarmouth wikiendi moja kuvua samaki. Huu ni mwaka wa nne. Samaki aliyempata anauza aiskrimu ufukweni na nywele zake za dhahabu zimetoka dukani. Mimi kaniachia mama yake.

Mama Florrie ana miaka sabini na miwili na haniiti kwa jina. Ananiita "yule". "Mwambieni yule chai imepoa." Na ndani ya nyumba tupo wawili tu.

Ninafanya kazi kiwanda cha redio za Brindley, mstari wa tatu. Wiki saba nyuma, Bwana Clive, mkwe wa mwenye kiwanda na ndiye anayeendesha kila kitu siku hizi, alituita wanawake sita ofisini kwake. Akafunga mlango. Akatupa siri ambayo imenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Siri yenyewe ni hii. Tuna redio mpya inaitwa Robin, ndogo kama pakiti ya biskuti, inatumia betri, unaitia mfukoni unaondoka nayo. Matangazo yanasema imetengenezwa kwenye kiwanda chetu kipya kule Wales. Wanawake wa Bedford, mia mbili na kumi na wawili, wameambiwa wavumilie kufanya kazi siku tatu tu kwa wiki. Robin ikishika soko, sehemu ya kazi ya Wales italetwa kwetu, na wiki zitarudi kuwa nzima.

Wales hakuna kiwanda. Hakuna hata banda la kuku.

Robin zinakuja kwa meli kutoka Japani. Kila Jumamosi mistari ikiwa imelala, makasha yanapandishwa juu. Sisi sita kazi yetu ni kufungua kifuniko cha mgongo, kubandua karatasi yao, kubandika yetu, kung'oa kibati cha jina cha mbele na kupachika kilichoandikwa Brindley. Basi. Redio ya Kiingereza hiyo, mpelekee shangazi yako.

"Hili likitoka nje," Bwana Clive alituambia, "maduka yatatuvunjia mikataba na benki itafunga geti. Wote mnakwenda nyumbani. Mkinyamaza, kazi ipo."

Nikanyamaza. Mimi! Mimi ambaye mtu akipiga chafya mwanzo wa mtaa wetu, akifika mwisho wa mtaa nimeshamwambia ana mafua ya nani.

Na Ijumaa, Ivy, mwakilishi wetu wa chama cha wafanyakazi, alikuwa asimame kantini awaombe wenzetu wanyooshe mikono wakubali zile siku tatu. Kwa sababu ya Wales. Kwa sababu anaamini.

Hapo ndipo tulipo. Sasa sikilizeni balaa la Jumatatu.

*

Lazima kwanza niwaambie jambo la rangi, maana ndilo lililonimaliza.

Kiwandani kwetu, kila mkaguzi ana rangi yake. Wenzako wanalehemu waya, redio inakufikia, wewe unavuta kila kiungo kwa kulabu. Kikishika, unakitia tone la rangi kwa brashi ndogo. Redio ikirudi kutoka dukani imekufa, wanafungua mgongo, wanatazama rangi, wanajua nani aliipitisha. Nyekundu ya Joan. Njano ya Muriel. Kijani ni yangu, miaka kumi na tano.

Mwuza chipsi wa mtaani kwetu aliwahi kunipigia kelele mbele ya foleni nzima, "Doreen! Nimekukuta ndani ya redio yangu!" Watu wakacheka wiki nzima. Mimi nilitembea kama malkia.

Jumatatu hiyo nimekaa chumba cha juu, nafunga Robin moja, kichwa kiko mbali, kiko kwa Ivy. Joan, aliyekaa pembeni yangu, akasimamisha kazi.

"Doreen. Mkono wako unafanya nini?"

Nikatazama. Mkononi nimeshika brashi. Ndani ya Robin, kwenye viungo vitatu, rangi ya kijani mbichi inameremeta.

"Nani kakupa rangi?" Joan akauliza.

"Ipo mfukoni mwa aproni. Siku zote ipo mfukoni mwa aproni."

"Tuliambiwa ndani tusiguse!"

"Sijui hata nilipoishika."

"Umeanza leo?"

Nikachukua Robin nyingine kutoka kasha lililokwisha, nikafungua. Kijani. Nikachukua nyingine. Kijani. Nyingine. Kijani, Joan, kijani! Miaka kumi na tano mkono umezoea kuvuta kiungo na kutia tone, na haukuniuliza kama kazi imebadilika. Wiki saba nimetia sahihi yangu ndani ya uongo, na mzigo mwingine umeshafika madukani mpaka Uskochi.

Nikasimama kuendea kasha la pili. Joan akanikalisha.

"Sikiliza," akaninong'oneza. "Nani anafungua mgongo wa redio kutazama rangi siku hizi? Hii si ile midude ya babu yetu. Hii ikifa, wanatupa, wananunua nyingine. Hakuna atakayeona."

Nikashusha pumzi. Kweli. Nani anatazama rangi?

Nikarudi nyumbani nimetulia kidogo. Nikamkuta Mama Florrie mezani, amevaa miwani, ameshika kadi nene yenye maandishi ya dhahabu.

"Mwambieni yule," akasema, anaiambia birika, "Ijumaa nimealikwa. Miaka arobaini ya Brindley. Sisi wa kwanza tulio hai tunapewa zawadi."

"Zawadi gani, mama?"

"Robin," akasema.

*

Mngemjua Mama Florrie mngeelewa kwa nini kikombe kilinianguka.

Mwaka wa ishirini na mbili, yaani 1922, walikuwa wanawake sita ndani ya kibanda nyuma ya duka la baiskeli. Mzee Brindley alikuwa mtu mwenye wazo moja na suruali moja. Florrie alizungusha waya juu ya mpini wa ufagio, maana mashine hawakuwa nayo. Redio ya kwanza waliipeleka kwa mteja ndani ya kigari cha mtoto, na mtoto mwenyewe, Stan wangu huyo huyo, alibebwa mgongoni kwa ajili ya redio. Mimi husema ndipo alipopata tabia ya kuondoka.

Kibanda kikawa karakana, karakana ikawa kiwanda. Krismasi mfalme akihutubia, mtaa mzima ulisikilizia dirishani kwa Florrie. Wakati wa vita walitengeneza redio za vifaru, watu elfu tatu, zamu tatu, geti halifungwi. Ungesema unafanya kazi Brindley, ungepata mume kabla ya Jumapili.

Halafu vijana wakataka redio ya kwenda nayo bustanini. Mzee Brindley akasema, "Redio ni samani. Nani anakwenda bustanini na kabati?" Miaka mitano akasema hivyo. Alipokubali kubadilika, madirisha ya maduka yalikuwa yamejaa vijiredio vya watu wengine, na sisi tunapiga msasa mbao.

Florrie haya ya mwisho hayajui, au hataki kuyajua. Kwake Brindley ni Brindley. Na kwake, redio haipokelewi bila kufunguliwa mgongo.

"Mama," nikaanza, naokota vigae vya kikombe, "zawadi ya mbele za watu haifunguliwi. Unaipokea, unashukuru, unakaa."

"Mwambieni yule kwamba Mzee Brindley mwenyewe ndiye aliyetufundisha. Fungua, tazama nani kaifanya, mshukuru kwa jina. Kuchukua redio bila kuifungua ni kama kuolewa kwa picha."

"Ijumaa itanyesha mvua."

"Ilinyesha mwaka wa ishirini na mbili pia."

"Na kifua chako?"

"Mwambieni yule kifua changu kimemzika baba mkwe wake na kitamzika na yeye."

Nikabaki na ujanja mmoja. Kifuniko cha Robin kinafungwa kwa skrubu moja tu, yenye mfereji mpana. Sarafu ndogo ya peni sita inaingia sawasawa, ndiyo maana hata mtu asiye na bisibisi anabadilisha betri. Peni moja haiingii, ni nene. Ijumaa asubuhi, Mama Florrie akiwa anajipaka poda, nikafungua pochi yake. Nikatoa kila peni sita iliyokuwemo, nikamwekea mapeni makubwa ya shaba mahali pake. Sikumwibia hata nusu peni. Nimejieleza hivi kanisani pia.

*

Kantini ilijaa saa tisa. Wanawake mia mbili na kumi na wawili, chai, sandwichi za tango, keki yenye umbo la redio. Mnajua mimi na ukumbi uliojaa. Siku nyingine ningekuwa naruka meza hadi meza nikikusanya habari. Siku ile nilikaa kama niko kwa daktari wa meno.

Jukwaani waliiweka Brindley ya mwaka wa thelathini na sita, ile kubwa ya mbao, imezungukwa na maua. Waliiwasha mapema ipate moto, maana zile chupa za kioo zinazoiendesha ndani hazipendi kuharakishwa. Ilipiga muziki wa dansi, sauti nene, tamu kama mchuzi wa Jumapili. Wanawake wa zamani wakaanza kufuta macho.

Ivy akaja na sahani yake. "Shoga, baada ya zawadi tu nawanyanyua. Nikisema 'wanaokubali', wewe uwe wa kwanza kunyoosha mkono. Wakikuona wewe, mstari wa tatu wote utafuata."

"Ivy..."

"Nini?"

Joan alikuwa nyuma yake ananikodolea macho.

"Sandwichi zimekauka," nikasema.

Bwana Clive akashika kipaza sauti. Suti ya kijivu, meno mengi. Akasema kuhusu miaka arobaini, kuhusu familia, kuhusu Wales. "Dada zenu wa Wales," akasema, "wanawasalimu." Watu wakapiga makofi. Ivy akapiga kwa nguvu kuliko wote, na mimi nikatazama keki.

Mzee Brindley alikuwa amekaa mbele, miaka themanini, macho yamekwisha, fimbo kati ya magoti. Akaongozwa kwa mkono mpaka kwa Florrie. Akamkabidhi Robin mwenyewe.

"Florrie."

"Bwana Albert."

"Bado una mikono?"

"Yote miwili."

Kicheko. Florrie akaiwasha. Ikalia pale pale, haikusubiri kupata moto, dansi lile lile la ile kubwa, ila kwa sauti nyembamba. Watu wakashangilia. Halafu akaigeuza. Akaweka pochi mapajani, akaingiza vidole.

Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza.

Akatoa peni. Haikuingia. Akatoa nyingine. Akamwaga pochi nzima mapajani, akatafuta, akainua kichwa na kunitazama kupita vichwa vyote vya ukumbi.

"Yule amenishika pochi," akasema.

"Umekosa nini, Florrie?" Mzee Brindley akauliza.

"Peni sita."

"Unataka kufungua?"

"Ulitufundisha nini?"

Uso wa mzee ukafunguka kama dirisha. Akapapasa mfuko wa kizibao chake, akatoa peni sita inayong'aa. "Nimekuwa na moja hapa miaka arobaini," akasema, "na hakuna anayeniomba tena."

Bwana Clive akapiga hatua. "Baba, chai inapoa..."

Skrubu ikazunguka mara mbili. Kifuniko kikatoka.

Mama Florrie akainamia ndani. Akakaa hivyo.

"Doreen!" akaita.

Jina langu. Miaka yote hiyo sijalisikia kinywani mwake, na siku ya kulisikia ndiyo ile.

"Doreen, mwanangu, njoo uone! Ni wewe! Ni kijani chako!" Akainua ile Robin juu, mgongo wazi, ukumbi uone. "Mkwe wangu huyu! Nimekaa naye nyumba moja hanambii, kumbe ndiye anayeikagua Robin! Mtu kujificha hivi kwa unyenyekevu!"

Wakapiga makofi. Ndiyo, jamani, walinipigia makofi. Mwanamke mmoja alinipiga begani. Nilitamani sakafu ipasuke.

Makofi yakapungua, yakapungua, yakabaki ya watu watatu, wawili, hakuna. Ivy alikuwa amesimama.

"Robin inatengenezwa Wales," akasema polepole.

Akaielekezea kidole ile Robin.

"Doreen hajafika Wales. Doreen anatapika akipanda basi la kwenda Luton, hapo jirani tu. Kijani cha Doreen kimefikaje Wales?"

"Ni ya mfano tu!" Bwana Clive akacheka, akakimbilia kipaza sauti. "Chache zililetwa hapa za mfano, Bi Pratley akatusaidia..."

"Nipe," Mzee Brindley akasema.

Akanyoosha mkono, Florrie akaiweka Robin kiganjani mwake, bado inaimba. Macho yake hayakuisogelea hata kidogo. Ni vidole vilivyoingia, kidole cha shahada kikipita juu ya kila kiungo taratibu, kama mtu anayesoma uso wa mtoto gizani. Kikapita. Kikarudi. Kikapita tena.

"Nani kalehemu hii?"

"Wasichana wetu wa Wales, baba."

"Hapana." Mzee akatikisa kichwa. "Kila kiungo cha Brindley kina kijipele juu. Unakijua, Florrie. Mwaka wa ishirini na mbili chuma changu cha kulehemu kilikuwa kimepinda, nikawafundisha ninyi sita vibaya, ninyi mkafundisha wenzenu, na wenzenu wakafundisha hawa. Miaka arobaini hakuna mwanamke wa Brindley aliyelehemu bila kijipele. Nimekuwa nikikionea haya." Kidole kikapita mara ya mwisho. "Hiki ni laini. Hii si kazi yetu, Clive. Kazi hii ni nzuri kuliko yetu."

Mnajua ukumbi wa wanawake mia mbili ukinyamaza unavyokuwa? Chini ya dansi la redio nilisikia birika kubwa la umeme likinung'unika ukutani.

"Aliyetia rangi hii," Mzee Brindley akasema, "atajua ilikotoka. Anyooshe mkono."

Ukumbi mzima ulikuwa umeshanisikia nikitajwa, lakini mzee alitaka mkono, na kwetu jambo huwa halijasemwa mpaka mkono unyooke. Macho yote yalikuja kwangu. Mkono wangu ulikuwa chini ya meza, na chini ya ukucha wa kidole gumba kulikuwa na kijani ambacho hakijatoka kwa sabuni tangu Jumatatu.

Mama Florrie alinitazama. Furaha ilikuwa bado usoni mwake, kisha nikaiona inaondoka, kidogo kidogo, anaunganisha: peni zilizopotea, kikombe kilichovunjika, mvua ya Ijumaa. Alielewa. Alielewa yote. Nikangoja anitemee mate.

Mama Florrie akanyoosha mkono wake mwenyewe.

"Mimi," akasema.

"Florrie," Mzee Brindley akasema kwa upole, baada ya kunong'onezwa mkono ni wa nani, "wewe uliacha kazi mwaka wa arobaini na tano."

"Nilirudi."

"Lini?"

"Hamkuniona. Mnajua nilivyo mdogo."

Watu wachache wakacheka kicheko kibaya cha woga. Mwanamke huyu ambaye hajasema uongo maishani, aliyemwambia kasisi usoni kwamba anaimba kama mbuzi, alikuwa amekaa mbele ya kiwanda chote, mkono juu, kidevu juu, ananidanganyia mimi. Mkono ule ulikuwa mzito kwake.

Sikuweza. Jamani, sikuweza.

Nikanyoosha wangu.

Nikadhani nitakuwa peke yangu. Nikasikia kiti kikiburuzwa nyuma yangu. Joan, analia, mkono juu. Kisha Muriel kwenye mlango wa jikoni. Kisha watatu wengine wa chumba cha juu, mmoja mmoja, kila mmoja akitazama sakafu.

Ivy akatuhesabu kwa kidole. "Sita." Kisha akaniangalia mimi tu, na mabega yake hayakusogea.

"Zile skrubu, Doreen," akasema. "Mwishowe zilifika ngapi?"

Ningepigwa kofi ningeumia kidogo zaidi ya hapo, au kidogo pungufu, sijui.

"Ivy, niliambiwa geti litafungwa. Niliambiwa ninyi wote..."

"Usiniambie mimi. Waambie hawa. Nilikuwa karibu kuwaomba mikono yao." Akatwaa kipaza sauti kutoka kwa Bwana Clive kama anavyonyang'anywa mtoto mkasi, akakiweka mezani mbele yangu. "Sema."

"Bi Pratley," Bwana Clive akasema, na meno yote yalikuwa yameondoka, "fikiria vizuri. Sentensi moja, na Jumatatu hakuna kiwanda. Si siku tatu. Hakuna."

Nikawatazama wale wanawake. Wengine mama zao walikuwa hapa, na dada zao. Wengine walikuwa wananitikisia kichwa: nyamaza, Doreen, nyamaza. Niliwaona, msidhani sikuwaona. Wengine walikuwa wamekunja mikono wanangoja.

Nikasogeza mdomo kwenye kipaza sauti. "Jina langu ni..."

Bwana Clive akainama ukutani, akang'oa waya.

Plagi ilikuwa moja kwa vyote. Kipaza sauti kikafa mdomoni mwangu. Birika likaacha kunung'unika. Na jukwaani, ile Brindley kubwa haikukatika ghafla. Ilififia, kama mtu anayetembea akiondoka huku anaimba, na taa yake ya rangi ya chungwa ikawa nyekundu, ikawa kahawia, ikazimika katikati ya maua.

Wimbo haukukatika.

Tukageuka sote. Mikononi mwa Mzee Brindley, mgongo wazi, ile Robin ilikuwa inaendelea na dansi lile lile. Yeye alikuwa ameielekezea sikio, machozi yanamshuka, sijui ya aibu au ya kusikia redio nzuri. Florrie akamtwalia taratibu, akaiweka mapajani mwake juu ya lundo la mapeni.

"Hahitaji kipaza sauti," akamwambia Bwana Clive. "Ninaishi naye. Anasikika mpaka mtaa wa pili." Kisha akanigeukia. "Simama juu ya kiti, Doreen."

Nikapanda kiti. Ivy hakunishika mkono nisianguke, wala hakuondoka.

Mama Florrie akapunguza sauti ya Robin kwa kidole gumba. Hakuizima.

Nikawaambia yote, nikaanza na zile ngazi.